Wageni wa Kyoto na Meli ya Saa Saba

Kwa miaka yote niliyomjua, Deguchi Sawako hakuwahi kumwambia mtu "ondoka." Hata mbwa wa posta akiingia jikoni kwake alikuwa anaombwa radhi kwanza kwamba leo hakuna kitu kizuri, halafu anapewa kichwa cha samaki. Sisi majirani tulimcheka, na tulikula kwake bila aibu.

Nyumba yake ya wageni ina vyumba vitatu, juu kidogo ya gati letu hapa visiwani Goto. Yeye alikuwa anapika. Mumewe, Yoshinobu, anavua, anabeba mabegi na kupiga soga. Mimi, Hamasaki Kiyoto, nakata tiketi za meli katika kibanda cha gatini, kwa hiyo najua nani anaondoka na nani anabaki, na mara nyingi najua sababu.

Jumapili moja ya mwezi wa tisa Yoshinobu aliishiwa pumzi akiwa anashona nyavu. Helikopta ikaja kumchukua kwenda hospitali ya Nagasaki. Sawako alikuwa ameshaweka mguu mmoja ndani pale mumewe, barakoa ya hewa usoni, alipoinua kidole na kusema neno moja: "Wageni." Kweli, kesho yake walikuwa wanakuja wageni. Basi Sawako akashuka. Nilikasirika sana siku ile. Nikamwambia wote wawili hawana akili, akanijibu, "Kunywa chai, Kiyoto."

Wageni wenyewe walikuwa Bwana na Bi Nishiwaki kutoka Kyoto, wazee waliostaafu, wenye mwaka mzima wa kuzunguka visiwa na kula. Sijapata kuona watu wasio na haraka namna ile. Kilima cha kanisa, ambacho bibi zetu wanakipanda kwa dakika kumi wakiwa na ndoo, wao walikipanda kwa saa nzima. Walisimama kwa kila mama aliyeanika viazi vitamu wakamuuliza anavikata hivi au vile. Bwana Nishiwaki alikuwa na daftari, na kila alichoonja alikiandika.

Jumanne jioni Sawako alikuja kibandani kwangu. Uso ulikuwa mweupe.

"Nikatie tiketi ya kesho, ya saa saba na dakika kumi."

"Kuna nini, dada?"

"Daktari amepiga simu. Alhamisi asubuhi wanampasua moyo. Amesema nisichelewe."

Kimbunga kilikuwa kinapanda kutoka kusini. Meli ile ya Jumatano ndiyo ilikuwa ya mwisho. Baada yake siku tatu au nne hakuna kitu kitakachoingia wala kutoka. Alijua, na nilijua.

"Wageni umewaambia?"

"Niwaambie nini? Wamekuja kupumzika. Nimesema Yoshinobu yuko kwenye mkutano wa wavuvi." Akanitazama kwa ukali. "Na wewe ufunge mdomo. Kesho saa nne wanahamia upande wa pili wa kisiwa. Nitakuwa na muda tele."

Jumatano saa tano na nusu abiria walianza kushuka gatini. Sawako hakuwemo. Huyu ni mtu anayefika saa moja kabla ya meli hata kama anasindikiza mzigo tu. Saa sita, hayupo. Saa sita na robo, bado. Nikaandika "Narudi sasa hivi" kwenye kibao na kupanda ngazi za kwake mbiombio, nikiwaza pengine naye ameanguka.

Hakuwa ameanguka. Alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka, sufuria inachemka katikati ya meza, anachota tambi kwa vijiti na kuwagawia Bwana na Bi Nishiwaki. Chini ya aproni alikuwa amevaa nguo yake nzuri ya safari. Begi nililiona nyuma ya mlango wa jikoni.

"Kiyoto! Karibu, kaa ule," alisema, na macho yake yakaniomba kitu ambacho mdomo ulikataa.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu. Nilikaa. Nikapewa bakuli, yai bichi la kuchovyea tambi na supu ya samaki panzi, na nikaanza kula.

Baadaye ndipo nilipoelewa kilichotokea. Saa nne wageni walikuja jikoni kuaga. Sawako, kwa mazoea yake, akasema kile ambacho mwenyeji husema: "Hamtaonja hata tambi kidogo kabla ya kwenda?" Alitarajia waseme hapana, wameshiba, asante. Wakakubali. Na kwa kuwa amesema, ilibidi akande unga, kwa sababu tambi za dukani hazikuwa za kuwapa wageni.

"Bahari imeanza kuchafuka," nilisema, nikimtazama Bwana Nishiwaki.

"Ndiyo maana supu ya moto inanoga," alijibu, jasho linamtiririka.

"Meli ya leo ndiyo ya mwisho, nadhani mmesikia."

"Tumesikia. Bahati yetu sisi hatupandi. Hatuna haraka kabisa!" Akanywa supu mpaka chini, na bakuli lilipokuwa tupu tu Sawako akaliongeza. Bakuli likiwa tupu ataliachaje? Na likijaa, mgeni ataliachaje? Nilimwona Bi Nishiwaki akivuta pumzi kabla ya kila tonge, kama mtu anayebeba gunia. Mkono wa kushoto wa Sawako ulikuwa chini ya meza, umeikamata aproni.

Saa sita na dakika arobaini. Saa sita na dakika hamsini. Honi ya meli ikalia ikiingia gatini, vioo vya madirisha vikatetemeka.

"Nikuongezee, bwana?" Sawako aliuliza. Sauti ilikatika katikati.

Nikaona siwezi tena.

"Hamtaongezewa kitu tena!" niliwapigia kelele wageni. "Simameni! Malizeni mwende zenu!"

Tambi ilining'inia kwenye vijiti vya Bwana Nishiwaki.

"Kiyoto!" Sawako alikuwa mwekundu hadi shingoni. "Huna adabu!"

"Sina, ndiyo. Mume wake hayuko kwenye mkutano wowote. Yuko Nagasaki, kesho anapasuliwa moyo, na meli ndiyo ile pale."

Bi Nishiwaki aliweka bakuli chini taratibu. "Mama, kwetu Kyoto ukiambiwa 'onja kidogo kabla ya kwenda' unajua umeambiwa nenda. Tangu saa nne tumeshiba. Lakini tulisema watu wa visiwani hawana mambo hayo, wao wakikukaribisha wamekukaribisha."

"Na mimi nikasema watu wa Kyoto wataelewa," alisema Sawako, na machozi yakamtoka.

Wale wazee wa saa nzima kilimani, nisingeamini kama nisingeona. Bwana Nishiwaki alinyakua begi la Sawako akashuka ngazi viatu havijafungwa. Mkewe alimvua Sawako aproni huku akimsukuma mlangoni: "Vyombo nitaosha, madirisha tutayapigia mbao, tutalala hapa hapa mpaka kimbunga kipite. Nenda!" Tulipofika gatini kamba ya nyuma ya meli ilikuwa imeshafunguliwa. Niliwapungia mabaharia mikono yote miwili kama kichaa, wakairudisha.

Kutoka sitahani Sawako aliwainamia wageni wake mpaka kichwa kikakaribia magoti. Mimi alinipa mgongo.

Yoshinobu hakuamka baada ya kupasuliwa. Sawako alirudi wiki iliyofuata na majivu yake katika sanduku dogo lililofungwa kitambaa cheupe. Alikuta madirisha yamepigiwa mbao na mabakuli yamefunikwa kwa taulo safi. Katika mazishi alinisalimu kama anavyosalimiwa mtu wa serikali. Nililala nikijilaumu, halafu nikamlaumu yeye, halafu nikamlaumu Yoshinobu na wageni wake.

Siku arobaini na tisa za matanga, kama ilivyo desturi yetu, zilipotimia, baada ya kasisi wa hekalu la Kibudha kuondoka, aliniita. Sufuria ilikuwa mezani, sisi wawili tu. Akanigawia.

"Jumatano ile jioni mimi na Yoshinobu tulikaa pamoja kwa muda wa saa tatu," alisema. "Aliniuliza wageni walikula nini. Nikamsimulia yote, na ulivyobwata. Alicheka mpaka muuguzi akaja kumgombeza. Akasema, hatimaye yuko mtu mwenye akili kisiwani."

Nikala bakuli la kwanza, akaniongezea la pili.

"Haya, maliza hilo uondoke, Kiyoto," alisema. "Nataka kulia."

Nikamaliza, nikaondoka.