Jirani Aliyemuuliza Mwamuzi

Juzi, soko la Nakasero, nilimkuta afande wetu wa zamani akibinya nyanya za watu na kuzirudisha. Akanitambua kwa sura ya marehemu baba. "Wewe si binti wa sajini, pale Nsambya? Unakumbuka kriketi yetu?" Akacheka, akitaka tucheke pamoja. Sikucheka.

Kama nawe ulilelewa kambi ya polisi, unazijua unipoti: vibanda vya bati vya mviringo, mchana tanuri, mvua ikinyesha hamsikilizani. Sisi tulikaa mstari wa nyuma, jirani na konstebo kijana kutoka Lira. Mkewe alikaanga simsim, ufuta wa kwao, asubuhi, na harufu ikatufuata wasichana hadi bombani tulikopanga madumu. Jioni nilimsaidia kufua. Suruali ya mumewe ilikuwa na alama nyekundu pajani, pale aliposugua mpira kabla ya kuurusha, na hakuna sabuni iliyoitoa.

"Acha," mkewe aliniambia. "Hiyo alama ndiyo inatuweka Kampala."

Alisema kweli. Mchezaji wa timu ya kriketi hakuhamishwa. Asiye na timu angeweza kupelekwa mpakani, na huko familia hazikwenda: nyumba ilirudishwa kambini, mke akapandishwa lori kwenda kwao. Na mke wa jirani alikuwa mjamzito.

Jirani alirusha vizuri. Sisemi kwa mapenzi. Baadaye nilijisomea sheria za mchezo huo na nimewatazama warushaji wengi. Mpira wake ulikuja ukielekea vijiti vitatu vilivyo nyuma ya mpigaji, ukagusa nyasi, ukajitenga kidogo tu, kiasi cha kulamba ukingo wa gongo lake la kupigia.

Katika kriketi, mpira ukigusa gongo ukadakwa kabla ya kuanguka, mpigaji ametoka. Lakini mwamuzi hasemi kitu mpaka upande unaorusha umuulize. Hapo ndipo kambi yetu ilipouharibu mchezo: afande akishika gongo, hakuna askari aliyeuliza. Kuuliza kulihesabiwa utovu wa nidhamu. Afande alijitoa mwenyewe alipochoka, na askari wakapiga makofi.

Msimu wa kwanza wa jirani ulikuwa haujafika katikati tulipoletewa mechi ya kuchagua timu upya. Mwamuzi alikuwa mwalimu wa hesabu, raia. Mpira wa jirani ukalamba gongo la afande. Hata sisi tuliokalia madumu kando ya kiwanja tulisikia. Askari aliyekuwa nyuma ya vijiti akaudaka, kisha akatazama viatu vyake. Jirani akamgeukia mwalimu kwa heshima ya Kiganda.

"Mwalimu, sebo, nauliza!"

"Nani amekupa ruhusa ya kuuliza?" afande akanguruma.

"Gongo imesema, afande. Mimi nauliza tu."

Mtu akacheka, akajiziba mdomo. Mwalimu akainua kidole: ametoka. Afande akaondoka akiburuza gongo kama jembe.

Uhamisho ulikuja kabla suruali ile haijakauka kambani. Lori likapakia godoro, kinu cha simsim, na mke aliyeshika tumbo. Mama yangu, ambaye kila siku alituimbia "mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni", alinivuta ndani akafunga mlango. Yule mdakaji aliingia timu. Mtoto wa jirani alizaliwa wapi, sijui hadi leo.

Sasa unipoti zetu zimeng'olewa na kiwanja kimeota ghorofa. Wenzangu wa utoto huililia kambi ile. Mimi sioni cha kulilia pale, isipokuwa sauti moja tuliyoisikia mara moja.

"Yule wa Lira alikuwa na mkono," afande aliniambia pale sokoni, akichukua nyanya nyingine. "Shida yake nidhamu. Na ule mpira haukugusa gongo."

"Mzee, hizo umebinya utanunua," muuza nyanya akamkatiza, msichana asiyejua habari zetu.

Afande akanitazama mimi, kana kwamba nitamtetea.

"Uligusa, mzee," nikasema. "Sote tulisikia."

Nikaondoka. Sote tulisikia, aliyeuliza alikuwa mmoja.