Samaki wa Siku ya Tano

Siki ikimwagwa juu ya vitunguu vya moto, hutoa harufu inayopanda puani hadi machozi yakutoke. Mimi machozi hunitangulia, hata kabla sijafungua chupa. Nasimama jikoni kwangu Makindye, mwanamke mzima mwenye watoto wake, na papo hapo narudi kuwa Akello wa miaka minane, mwizi wa samaki. Msicheke. Jambo hili nimekaa nalo miaka mingi, leo nataka kulitua.

Mama yangu ni mzaliwa wa Mombasa. Baba, polisi kutoka Gulu, alimkuta Kampala akiuza vitambaa dukani, wakafunga ndoa kanisani kabla ya wakubwa wa kaskazini kuulizwa. Nyanya, yaani mama yake Baba, hakulisamehe hilo. Alikuwa mjane wa askari, na Kiswahili alikiokota kambini. Hicho ndicho kilikuwa lugha yao pekee, yeye na Mama. Cha Mama kilijaa tafadhali na samahani, cha Nyanya kilikuwa amri tupu.

Mwaka ule Nyanya aliletwa kwetu kutibiwa. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, na hospitali ilimtaka asubiri majuma matatu kabla ya kupasuliwa. Mimi alinitambua kwa hatua zangu. "Akello, kwa nini wewe iko natembea kama bata?" alikuwa akiuliza, kisha anafungua fundo la leso yake na kunipa karanga alizonifichia. Alinipenda waziwazi, bila aibu. Mama alimwita "yule ya Mombasa".

Kitu kimoja kilimshinda Nyanya mezani: samaki. Alimpenda kupita nyama, lakini alikuwa ameacha kumla. "Samaki ni ya mutu iko na macho," alisema. Siku Baba alipojaribu kumchambulia miiba, aliisukuma sahani. Hakuwa mtoto, alisema, wa kutafutiwa chakula kwa vidole vya mtu mwingine.

Kesho yake Mama alipanda boda mpaka Port Bell, bandari ya ziwani, na beseni lake, akarudi na ngege wadogo wabichi. Aliwapara magamba, akawakata vipande vyembamba, akatoa miiba mikubwa kwa kisu, akawakaanga hadi wakakauka. Kisha akakaanga vitunguu pete pete, tangawizi, pilipili mbuzi na manjano mengi, akamwagia siki kali, akaacha ichemke. Nyumba nzima ikapiga chafya. Nyanya alikohoa chumbani kwake na kuuliza kama tunaua panya.

Vipande vilipangwa kwenye chupa kubwa ya kioo, siki ikavifunika, na chupa ikapanda juu ya kabati. "Siku tano," Mama aliniambia, kidole kimeinuliwa. "Asiguse mtu." Sababu alimweleza Baba, nami nilikuwa nje nikiruka kamba: siki ikikaa siku tano, inailainisha ile miiba midogo isiyoshikika kwa kisu, hadi mtu anaitafuna bila kuijua. Mama alikuwa anamtengenezea mama mkwe wake samaki wa kuliwa na mtu asiyeona, kwa mkono wake mwenyewe, bila kusaidiwa na yeyote. Mimi nilidhani siku tano ni za ladha tu.

Siku ya pili nilipanda kiti nikaonja kipande kimoja. Hapo ndipo nilipopotea. Ukali ule, utamu ule wa kitunguu, mafuta yale yakibaki mdomoni! Nilionja cha pili ili kuhakikisha. Jumamosi jioni nilipoitazama chupa, ilikuwa imebaki nusu.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya tano. Nilisema tumbo linauma, wakaenda kanisani wakaniacha. Nilikuwa na sadaka yangu ya wiki mbili, ambayo Mungu alikuwa bado hajaipata. Nikakimbia kwa mama mmoja aliyekaanga ngege pale barabarani, nikanunua vipande vya kutosha, nikavikata na kuvizamisha kwenye siki. Vikawa vya manjano kama wenzao. Nilijiona nina akili kuliko nyumba nzima.

Ninachokikumbuka zaidi ni jinsi Mama alivyovaa siku ile. Alirudi kutoka kanisani na hakubadili gauni. Alimwekea Nyanya sahani, posho, ugali wetu, upande mmoja, samaki upande wa pili, akamwambia, "Mama, kula bila wasiwasi. Huyu hana mwiba." Vipande alivitoa juu ya chupa, huko huko nilikoviweka vyangu.

Nyanya alitafuna polepole. Akatabasamu. Naapa alitabasamu, na ilikuwa mara ya kwanza nimwone akimtabasamia Mama. Akachukua cha pili, na hapo akakabwa.

Alikohoa hadi macho yale yasiyoona yakatoka machozi. Baba alimpiga mgongoni, Mama akamlisha matonge ya posho ameze, ameze tena, hadi mwiba ukashuka. "Mimi nilisema," Nyanya akasema, sauti imekwaruza. "Huyu hapana taka mimi." Baba akamtazama Mama kwa jicho ambalo sikuwahi kuliona. "Si ulisema hana mwiba?"

Mama alikiokota kile kipande sahanini, akakimega, akakitazama ndani. Kisha akakifumba kiganjani. "Nisamehe, Mama," alisema. "Ni haraka zangu." Mimi nilitazama posho yangu.

Nyanya alipasuliwa, akaona, akarudi Gulu. Alikula samaki wa kila mtu hadi alipofariki nikiwa sekondari. Wa Mama hakumgusa tena.

Mwaka huu Mama amehamia kwangu. Macho yake nayo yameanza ukungu, na siku moja nilimwona akimsukuma samaki pembeni ya sahani, akijifanya ameshiba. Nikaenda Port Bell. Tulipokuwa tunakata vitunguu, nikamwambia yote. Hakuacha kukata.

"Nilijua," alisema. "Kilikuwa cheupe ndani. Siki ya siku tano inapaka manjano hadi kwenye mfupa."

Nikamuuliza kwa nini hakunitaja. Nilidhani atasema alitaka kuniokoa na fimbo ya Baba.

"Mimi Nyanya yako alikuwa hanipendi tokea mwanzo, mwanangu. Wewe alikuwa akikupenda. Ningekutaja, angebaki na nani katika nyumba ile, naye haoni?"

Nililia, na sikusingizia vitunguu. Nilikuwa nimemnyang'anya mama yangu tabasamu moja alilolisubiri tangu aolewe, naye siku ile ile alikuwa akimwonea huruma mwanamke aliyemkataa.

Chupa ilikaa juu ya kabati siku tano, na wanangu niliwatisha vya kutosha. Siku ya tano nikatoa kipande cha juu, nikakimega, nikakipeleka dirishani penye mwanga. Kilikuwa cha manjano mpaka ndani. Ndipo nikamwekea Mama mkononi.