Tangazo Lisilofika Werugha

"Sasa mlitaka nilisome wapi hilo tangazo?" Mama mmoja kutoka kijiji cha Werugha aliuliza hivyo kwenye kaunta ya mahakama hapa Voi. Shemeji yake alikuwa ameiomba mahakama imruhusu kurithi shamba alimozikwa mume wa mama huyo, bila kumtaja yeye, mjane. Siku thelathini za kupinga ombi hilo, tangu litangazwe, zilikuwa zimekwisha.

"Tulitangaza gazetini, mama," karani alisema, akigongagonga kalamu.

"Gazeti kwetu hufika likiwa limefunga nyama, mwanangu."

Foleni nzima ilicheka. Yeye akakikunja cheti chake cha ndoa mara nne, akatoka bila kuaga.

Eti kisheria, alijulishwa! Na kwa Kiingereza! Ndugu msomaji, ukiona jina la marehemu wa kijijini kwenu kwenye matangazo hayo, mpigie mjane wake simu siku hiyohiyo.