Nguru Getini

Mambo ya China ya kale nilijifundisha mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima na kwa simu, kwa hiyo huenda mengine nimeyaelewa vibaya, na wazo hilo hunikosesha raha. Ila hakimu mmoja wa wilaya nilimpenda mara moja. Mtu mwenye shida ofisini kwake alimletea samaki. Hakimu hakumla, alimtundika mlangoni mpaka akakauka. Aliyefuata na zawadi yake alimwona yule samaki, akageuza njia. Kisha hakimu akahamishwa, akahamishwa tena, hadi akafia jimbo la mbali lenye homa. Sehemu hiyo niliisoma harakaharaka.

Kazi yangu ni kukagua usalama wa moto kwenye maghala. Katika ghala moja la Rusayl, nje kidogo ya Maskati, nilikuta mlango wa nyuma umefungwa kwa mnyororo na kufuli, maboksi yamepangwa hadi darini, na vibarua wako ndani wanapakia. Moto ukizuka upande wa mbele, hawana pa kutokea. Ripoti niliiandika siku ileile, lakini sikuipeleka. Nilitaka isiwe na kosa hata moja. Nikawa nabadilisha neno, kisha narudisha lilelile.

Ijumaa nilipotoka msikitini nilimkuta mama jikoni kwetu Ansab, amefurahi, na nguru mzima yumo kwenye karai.

"Kaleta nani?"

"Mke wa yule mwenye ghala unalolikagua. Kumbe watu wetu! Bibi yake na bibi yako walikaa mtaa mmoja Unguja."

"Mama, samaki huyu anarudi kwao sasa hivi."

"Anarudi vipi, na sinia yao nshairejesha na mkate wa ufuta juu?"

"Umewapa mkate?"

"Ulitaka sinia ya watu irudi tupu? Nani kakulea wewe?"

Hapo nikaona tulivyonaswa. Kwetu, chombo kikishakwenda na kurudi na kitu ndani, mmeshakuwa jamaa, na jamaa humwandikii ripoti.

Nikambeba yule nguru, nikamtundika getini kwa kamba ya kuanikia nguo.

"Una wazimu!" mama alinifuata nje. "Samaki kwenye jua la Maskati! Watu watasema tumerogwa."

"China walifanya hivi."

"Hiyo China yako ina jua hili?"

Kabla ya alasiri samaki alikuwa ananuka mpaka kwa jirani, na paka wa mtaa wamekaa chini yake kama walioalikwa harusini. Nikatoka kuwafukuza. Ndipo gari likaja taratibu, likasimama mbele yangu. Alikuwa mwenye ghala mwenyewe. Alishusha kioo, akamtazama nguru kwa muda, kisha akanitazama mimi. Akatabasamu.

"Mwanangu, joto hili samaki hastahamili. Mwambie mama mkate ulikuwa mtamu, watoto wameugombania."

"Ule mlango wa nyuma ufunguliwe, ammi."

"Mlango gani?" Akapandisha kioo, akaondoka polepole vilevile.

Jumamosi mkuu wangu aliniandikia kwenye simu: "Kesho usiende Rusayl. Anza Ghubra, maduka. Rusayl ataishika mwenzako." Sababu hakuitaja. Mwishoni aliweka kipicha cha ua la waridi.

Niliituma ripoti palepale, kama ilivyo, kwake na kwa aliye juu yake. Ilipokwisha kwenda nikaona nimesahau kutia tarehe. Ile tarehe ilinisumbua kuliko jingine lolote, na najua hilo ni ugonjwa. Hakuna aliyenijibu, hata kunigombeza.

Sasa nakagua mitungi ya kuzimia moto kwenye maduka ya manukato ya Ghubra. Wenye maduka wananikaribisha kahawa, nawaambia nimefunga. Mwenzangu wa Rusayl nilipomuuliza kama mnyororo umeondolewa, aliniambia, "We shughulika na yako," akaangalia pembeni. Mama haniulizi tena habari za kazi. Huniwekea chakula, akakaa, akanitazama nikila.

Na kila king'ora kikisikika barabara kuu, naacha ninachofanya, natoka hadi ukingoni mwa barabara, kutazama gari la zimamoto linaelekea wapi.