Funda la Kwanza

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilitoka kwetu Mombasa, kijana wa miaka ishirini na mbili, nikaenda Tanzania kutengeneza malori ya njia ya Iringa na Mbeya. Nilipanga chumba Ipogolo kwa mama mmoja wa Kihehe.

Jioni ya kwanza aliniletea togwa. Kabla hajanipa, akanywa yeye funda moja, kisha akanipa kikombe kilekile kwa mikono miwili. Nilikasirika. Kwetu mgeni hapewi makombo. Nikasema nimeshiba, na wiki nzima nikawa nashiba hivyo hivyo huku njaa inaniuma.

Dereva mmoja wa Mbeya, nilipomsimulia, alinicheka. "Anaonja ili ujue hakuna sumu," akaniambia. "Sasa wewe ukikataa kila siku, unadhani anakuelewaje?"

Jioni ile nilikunywa vikombe vitatu. Mama alijaza tu, na kila alipojaza alionja.

Baada ya miaka mitatu nilirudi Mombasa. Nikammiminia mama yangu chai, nikapiga funda moja, nikampa. Akakitazama kikombe, akanitazama mimi.

"Huko ulikokwenda," akasema, "walikuwa hawakulishi?"