Punda wa Kijivu na Bawabu Wangu

Sogeeni niwape hii, na mnaokunywa chai wekeni vikombe chini kwanza.

Punda ambaye hajawahi kuzaliwa nusura amfukuzishe shemeji yangu kazi.

Sijavuta kitu, jamani. Punda mwenyewe alikuwa wa kwenye gemu.

Ofisi yetu ni vyumba viwili juu ya duka la mshona nguo. Tunatengeneza gemu la mbio za punda. Mimi natunza injini, yaani mtambo wa ndani kabisa wa gemu. Shemeji, mke wa kaka yangu, anaandika skripti za mbio, zile amri ndogondogo zinazoiambia injini nani akimbie vipi.

Kila mchana tulikuwa na utaratibu wetu. Kila mtu anachagua punda, mbio zinapigwa, na mwenye punda wa mwisho anaosha vikombe vya ofisi nzima.

Bosi alikuwa anachagua wa kijivu. Wa kijivu alikuwa anashinda. Bosi hakujua hata sponji inakaa wapi.

Hatukujali, mpaka mama yake bosi, ambaye ndiye mwenye kampuni, alipolijaribu gemu nyumbani kwake. Tunamwita Bimkubwa. Kila akichagua punda, kijivu anampita huku anatikisa mkia.

Akaja ofisini amefura. "Nani kaandika mbio hizi?"

Bosi akamnyooshea kidole shemeji bila hata kupepesa macho.

"Ijumaa mchana narudi," Bimkubwa akamwambia. "Nikikuta upuuzi huu bado upo, binti yangu, utanisamehe. Kazi huna."

Kaka yangu alikuwa nyumbani, mguu kwenye plasta. Mshahara wa shemeji ndio uliokuwa unaendesha nyumba ile. Nikamkuta mezani kwake anasoma skripti upya, macho mekundu.

"Shemeji, sioni kosa," akaniambia. "Labda kweli kazi siijui."

Roho iliniuma. "Hebu niachie huyo punda," nikamjibu.

Sasa sikilizeni. Kila punda wetu ana sifa zake: kasi, njaa, uchovu. Skripti yoyote ilikuwa inaingia tu, inasoma sifa au inaibadilisha, inaondoka. Mlango ulikuwa wazi.

Nikaweka bawabu ndani ya injini, yaani amri ya kulinda mlango huo. Kuanzia hapo, ukitaka sifa ya punda unakutana na bawabu kwanza. Anaweza kukupitisha, anaweza kukukatalia, na nikimtuma, anaweza kukudanganya mchana kweupe.

Nikamwagiza: atakayegusa uchovu wa kijivu, lia kama punda, kisha nionyeshe jina la skripti iliyogusa.

Nikaanzisha mbio. Punda hawajapiga hata hatua, kompyuta ikalia. Jina likatokea kwenye kioo: tarumbeta.

Tarumbeta?

Hiyo ni skripti ya muziki wa mbio. Ndiyo pekee ambayo bosi aliiandika kwa mkono wake, na alitukataza kuigusa kwa sababu eti ni sanaa. Nikaifungua. Katikati ya sanaa, kila tarumbeta ikilia, uchovu wa kijivu unarudishwa sifuri. Wenzake wanahema, yeye ndiyo kwanza ameamka.

Yote hayo kwa ajili ya vikombe!

Na bosi asingeweza kuitoa amri hiyo tena. Mbio zikipona bila shemeji kugusa kitu, ingejulikana kwamba kosa halikuwa lake. Kwa hiyo alikuwa radhi mtu afukuzwe.

Shemeji akasimama. "Naenda kumpasukia sasa hivi!"

"Tulia. Atasema tumeiandika sisi. Mwache ajitaje mwenyewe."

Nikampa bawabu agizo jipya. Tarumbeta ikiomba uchovu wa kijivu uwe sifuri, ijibu "sawa, mkuu," halafu upandishe uchovu mpaka juu kabisa. Ikiuliza, sema ni sifuri.

Ijumaa Bimkubwa akaja, akavuta kiti. "Chagueni punda kama kawaida yenu."

"Kijivu," bosi akasema. Mazoea hayo.

Tarumbeta ikalia. Punda wote wakachomoka. Kijivu akapiga miayo, akakunja miguu, akalala palepale kwenye mstari.

Bosi akaruka kutoka kitini. "Haiwezekani! Uchovu wake nimeweka sifuri mimi mwenyewe!"

Bimkubwa akakigeuza kiti chake kumwelekea.

"Kaweka nani?" Bimkubwa akauliza polepole.

"Mama, ni... ule muziki..."

"Mwombe radhi mtoto wa watu. Ukimaliza, vikombe. Vyote."

Akaomba radhi. Kisha kwa sauti ndogo akauliza, "Sponji iko wapi?" Shemeji alicheka mpaka akalia, na mimi nilifurahi kuliko siku niliyoajiriwa.

Kazi yake ikabaki. Siku chache baadaye akaniomba nimfundishe bawabu anavyofanya kazi. Nikamfundisha kila kitu, kwa moyo mweupe.

Tangu hapo punda wangu mweusi, mnyama mwenye afya zake, anafika wa mwisho kila mchana.

Jana nikamuuliza bawabu: nani anamgusa mweusi?

"Hakuna, mkuu," akanijibu.

Nikageuka. Shemeji alikuwa ananitazama, anamalizia chai yake taratibu, kisha akanisogezea kikombe.

Funzo, ndugu zangu: ukishamfundisha mlinzi wako kudanganya, usimuulize swali ukitegemea ukweli. Samahani kama kuna makosa ya kuandika, mikono yangu ina povu.