Mwaka Tuliomhukumu Rais wa Marekani

Harufu ya vitumbua vya Bibi ilinifikia kabla sijavua viatu, na msimu ule wa baridi, pale Ibra, mji wetu wa Uarabuni, ilinikuta kila siku nina wahka. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Ustadha wetu wa historia alituambia tumfungulie kesi darasani rais mmoja wa mwanzo mwanzo wa Marekani: alikuwa shujaa au muovu? Alikuwa yatima, akawashinda Waingereza vitani, akapanda mpaka ikulu, na wazungu wanyonge wakampenda. Lakini alimiliki watumwa, na aliwafukuza wenyeji wa asili kwenye ardhi zao, wengi wakafa njiani. Mimi nilipangiwa kumshitaki, nikaiona kazi nyepesi. Bibi yangu mwenyewe aliikimbia Unguja wakati wa mapinduzi, angali bibi harusi, na furushi moja mkononi. Nani angenishinda kwa habari za kufukuzwa?

Alasiri moja nilimsomea hotuba yangu jikoni. Nilipofika pale watu wanapotembezwa kwa miguu kwenye baridi, alizima jiko akakaa. Nikajiona hodari. Akaniuliza kama kweli mtu huyo alikuwa na watumwa. Nikamwambia ndiyo, wengi, shambani kwake.

“Basi na babu yangu utamwitaje?”

Sikuelewa. Kwetu mzee huyo alitajwa kwa fahari: alitoka Samad Ash Shan, kijiji cha hukuhuku Uarabuni, kijana mikono mitupu, akapata mashamba ya mikarafuu Unguja, akajenga msikiti. Hakuna aliyewahi kuniambia nani aliyapalilia mashamba hayo. Bibi akanieleza polepole, macho yake dirishani, kwamba ni watumwa. Babu huyohuyo alikuwa akimpakata na kumlisha mastafeli. Na mwanamke aliyemlea Bibi, Zafarani, alizaliwa mtumwa mle nyumbani. Hata alipokuwa huru, alilala jikoni mpaka alipokufa.

“Nilimpenda,” alisema Bibi. “Sikupata kumuuliza kama na yeye alitupenda.”

Siku ya kesi niliisoma hotuba yangu mpaka mwisho. Darasa likapiga kura: muovu. Wenzangu walinipongeza, nami nikakusanya daftari zangu nikaondoka. Nyumbani Bibi aliuliza tumeamua nini, nikamwambia.

“Mmehukumu sawa,” alisema. “Na babu yangu naye usimruke.”

Bibi ameshatangulia mbele ya haki. Siku hizi mwanangu hushika simu akapata hukumu ya mtu yeyote, kwa neno moja, kabla chai haijapoa. Mimi neno moja la kumtosha yule mzee wa mikarafuu sijalipata mpaka leo, na kila nikidhani nimelipata, hunikosesha raha. Tukikusanyika kwa khitma ya wazee wetu, jina la mzee huyo likishatajwa, mimi huongeza la Zafarani, kwa sauti ya kusikika. Mjomba wangu hukunja uso. Mwaka huu mwanangu aliuliza Zafarani ni nani. Nikamjibu mbele ya watu wote.